Milimita Sita

Ndugu msomaji, naomba nianze kwa kukiri kosa. Nilimsimamishia babu yangu msalaba katika shamba la mahindi la watu wengine. Sikuwa nimelewa, wala sikupotea njia. Nilikuwa na ramani ya serikali mkononi, GPS ya njano shingoni, na mshikaji wangu mmoja aliyesomea mambo ya misitu. Vyote vitatu vilikubaliana kwamba hapo ndipo. Aliyekataa alikuwa mzee mmoja aliyeketi chini ya mwembe akichonga mpini wa jembe, nasi tulimwona mzee wa watu hajui kitu.

Kisa chenyewe ni hiki. Bibi yangu anaishi Lizaboni, hapa hapa Songea mjini. Umri umekwenda na miguu imegoma. Babu alifariki zamani, akazikwa kwenye mji wao wa kwanza, huko nyuma ya Peramiho. Halafu ikaja Operesheni Vijiji. Tarehe 6 Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kwamba ikifika mwisho wa mwaka 1976 watu wote wa mashambani wawe wameshahamia. Bibi alihama 1974 na watoto, kuku na mtungi mmoja, akapewa kiwanja kando ya barabara. Nyumba ya zamani ikaporomoka, pori likarudi, pakawa mahame. Kaburi likabaki huko peke yake.

Wajomba walioijua njia wametangulia mbele ya haki. Mwaka mmoja, mara baada ya mavuno, bibi akaniita. “Mjukuu wangu, kabla sijafa nataka babu yako awe na alama. Hata msalaba wa mti.” Utamjibu nini bibi? Nikasema sawa, halafu nikaenda kijiweni kuwaza.

Kijiweni ndiko mshikaji wangu alikonipa habari ya mchezo mmoja wa Wamarekani. GPS ilitengenezwa na jeshi lao: satelaiti zaidi ya ishirini zinazunguka dunia, umbali wa kilomita 20,200 juu yetu, na kile kidude mkononi kinasikiliza nne au zaidi, kinapiga hesabu, kinakwambia ulipo. Kwa miaka mingi jeshi lilikuwa linawatilia raia kosa la makusudi, hata ukaweza kupotezwa kiasi cha mita 100. Kosa hilo likaondolewa tarehe 2 Mei 2000. Kesho yake tu, tarehe 3, jamaa mmoja wa Oregon aitwaye Dave Ulmer akaficha ndoo porini yenye vikorokoro ndani, akatangaza namba zake kwenye intaneti, akasema anayeweza aje aitafute. Watu wakaipata. Tangu hapo mchezo umeenea dunia nzima: watu na heshima zao wanapanda milima na kuvuka mito kutafuta kopo la plastiki lenye kidaftari cha kusaini.

“Sasa,” akasema mshikaji, “kama wao wanapata kopo kwa namba mbili, sisi tunashindwaje kumpata babu?”

Hoja ikanikaa. Tukatafuta ramani. Tulipata karatasi moja ya zile za mizani ya 1:50,000, zilizochorwa kutokana na picha zilizopigwa na ndege. Bahati yetu ilikuwa kubwa, kwani picha za karatasi hiyo zilipigwa kabla ya Operesheni. Yaani miji ile ya zamani bado imo: kila nyumba ni kinukta cheusi, kidogo kama yai la chawa. Nilimwonyesha bibi. Hasomi ramani, lakini alinielekeza kama anayeiona: vijito viwili vinakutana, kilima kiko mgongoni, njia ya kwenda misheni inapita kulia. Tukaona vinukta vinne juu ya makutano ya vijito. Nilishikwa na baridi mwilini. Kimoja cha vinukta vile kilikuwa nyumba aliyozaliwa mama yangu.

Katika ramani hiyo sentimita mbili ni kilomita moja, na milimita moja ni mita 50. Tukapima kwa rula, mashariki kwanza kisha kaskazini, tukaandika namba, tukaziingiza kwenye GPS. Asubuhi yake tukadandia basi la Peramiho tukiwa na msalaba kwenye gunia.

Hapa niwarudishe nyuma kidogo, wasomaji wenzangu, maana kilichotupata kilianza kabla hatujazaliwa.

Wangoni hawakufika huku kwa ramani. Mababu zao walitoka kusini, nchi ya Wazulu, na kundi la Zwangendaba linakumbukwa kwa kuvuka mto Zambezi mwaka 1835, siku jua lilipopatwa. Baada ya Zwangendaba kufa, makundi yaligawanyika, na baadhi yakaja hadi nchi hii ya mto Ruvuma. Waliijua kwa vijito, vilima na makaburi.

Wajerumani walijenga boma hapa mwaka 1897. Mji ukaitwa Songea, jina la Nduna Songea Mbano. Wao walikuwa na njia yao ya kuijua nchi. Ofisa alitembea na msafara, dira mkono huu na saa mkono ule, akiandika: dakika ishirini kuelekea kusini-magharibi, kijito, dakika kumi, kijiji. Madaftari yalipelekwa Berlin, na huko Paul Sprigade na Max Moisel wakayaunganisha wakatoa ramani ya koloni zima kwa mizani ya 1:300,000. Ni kazi kubwa, sikatai. Lakini ukiitazama ramani ya namna hiyo unaona penye njia pameandikwa hadi vijiji vidogo, na pasipopitwa na Mzungu pako peupe, kana kwamba hapana watu.

Jeshi lilitaka nini zaidi? Njia, maji, vijiji. Vita vya Majimaji vilipofika Ungoni mwaka 1905, vijiji, mashamba na maghala yalichomwa makusudi, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi na wapiganaji wa Kingoni zaidi ya 60 walinyongwa hapa mjini, wakazikwa kaburi moja. Leo pana makumbusho, na kila mwaka tarehe hiyo tunakusanyika. Nduna Songea alinyongwa siku chache baada ya wenzake na ana kaburi lake peke yake. Wajukuu zake wanasema kichwa hakimo, kilipelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alikuja Songea, akaomba radhi, akaahidi nchi yake itasaidia kukitafuta. Nilijiuliza: watu walioandika kila kijito walichovuka, mbona hawakuandika walikokiweka kichwa cha mtu?

Wakaja Waingereza. Kati ya 1931 na 1933 mpimaji wao Martin Hotine alivuka magharibi ya Tanganyika akipima kutoka kilele hadi kilele. Ilikuwa sehemu ya mstari mrefu aliouwaza David Gill huko Afrika Kusini katika karne ya 19, unaofuata longitudo ya 30 kuelekea Misri. Pengo la mwisho la mstari huo lilizibwa mwaka 1954. Hotine huyo huyo ndiye aliyekuwa mkuu wa kwanza wa ofisi ya upimaji wa makoloni iliyoanzishwa 1946. Hesabu zilizotokana na mstari ule zikapewa jina la Arc 1960, na juu yake zikachorwa ramani za Tanzania, Kenya na Uganda. Kwa maneno mengine, kila namba iliyo kwenye karatasi yangu imehesabiwa kutokea vilele vile vya Hotine na wenzake. Satelaiti za Wamarekani hazijui vilele hivyo. Zenyewe zinahesabu kutokea katikati ya dunia.

Haya yote, siku ile tunateremka basi, mimi sikuyajua. Tulitembea saa mbili. GPS ikahesabu: mita 400, mita 90, mita 12. Ikasimama katikati ya shamba lililokwisha kuvunwa, mteremko mtupu, na pembeni rundo la mawe. Mshikaji akasema, “Kaburi hilo.” Mzee wa mwembe akatusogelea.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Mnatafuta rupia?”

Tukacheka, yeye hakucheka. Huku kusini kuna watu wanaochimba kila penye gofu la Mjerumani, wakiwa na vivuli vya ramani na alama za siri, wakitafuta hazina iliyofukiwa. Ni kweli kwamba mwaka 1916 Wajerumani walifua Tabora sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya tembo, na nadhani tembo huyo ndiye aliyewatia watu kichaa. Vijana wawili wenye ramani na mtambo, mzee angefikiri nini kingine?

Tukamweleza habari ya babu. Akasikiliza hadi mwisho, akanyoosha mpini wake kuelekea bondeni. “Mahame ya hao watu yako kule chini, maji yanakolia. Haya mawe nimeyatoa mwenyewe shambani.”

Mshikaji akamwonyesha kioo cha GPS. Mzee akakitazama. “Hiki kimezaliwa lini?”

Tuliona tunapotezewa muda. Jua lilikuwa linakwenda, basi la mwisho linaondoka saa kumi na moja. Tukasimamisha msalaba kwenye mawe, tukasali, tukapiga picha. Mzee alituacha, labda kwa sababu hapigani mtu na msalaba.

Usiku bibi alishika picha karibu na taa. Akaitazama muda mrefu hadi nikaanza kujikuna. “Hapa sipo,” akasema. “Pakavu hapa. Babu yako nilimlaza mahali ambapo ukikaa kimya unasikia maji.” Hakunigombeza. Alinirudishia picha tu, akasema amechoka, akageukia ukutani. Afadhali angenigombeza.

Sikulala. Nilitandaza ramani sakafuni, nikaanza kusoma hata pale nilipokuwa sijawahi kusoma, yaani pembeni, yale maandishi madogo ya chini. Imeandikwa wazi: mfumo wa UTM, kanda ya 36, duara la Clarke 1880, na msingi wa hesabu, Arc ya 1960. Nikawasha GPS, nikaingia kwenye mipangilio yake. Msingi wake ulikuwa WGS 84, ule wa satelaiti. Tulichukua namba za msingi mmoja tukazisoma kwa msingi mwingine. Tofauti ya misingi hiyo, kwa huku kwetu, ni karibu mita 300. Kwenye karatasi ni milimita sita, unene wa penseli. Porini ni kutoka kwenye kijito hadi kwenye shamba la mzee wa watu.

Kidude hakikudanganya na ramani haikudanganya. Waliochemsha ni sisi, tuliopewa jibu sahihi na mtu aliyekuwepo, tukalikataa kwa sababu halikuwa na namba.

Jumamosi iliyofuata tulirudi. Safari hii nilikwenda kwanza mwembeni. “Shikamoo mzee. Tumekuja kuomba radhi na kung’oa msalaba wetu.” Akasema, “Nilijua mtarudi, sikuugusa.” Tukabadilisha mpangilio kuwa Arc 1960, tukaingiza namba zile zile. Mshale ukageuka kuelekea bondeni, kusini, kule kule alikonyoosha mpini. Lakini hatukuufuata mshale. Tulimfuata mzee, na mshale ukawa unamfuata yeye.

Kuna minyaa iliyokua mirefu kuliko nyumba, imezunguka mahali pa hatua chache. Ndani kuna mbonyeo ardhini na mawe yaliyozama. Mzee akasema alipokuwa mtoto alitumwa hapa na chumvi siku ya matanga. Tukakaa kimya. Maji yalisikika.

Picha ya pili bibi hakuitazama sana. Aliuliza tu, “Mlisikia?” Nikasema tulisikia. Akanyamaza, kisha akauliza kama kijito kimeandikwa kwenye ramani. Nikatazama. Kipo, mstari mwembamba wa bluu, lakini hakina jina. Akanitajia jina, nikaliandika kwa penseli kando ya mstari. Hapa sitalitaja, maana wachimba rupia nao husoma magazeti.

Wenzangu tunaojifunza kuandika, tusidharau GPS. Ninayo, na sehemu ile nimeihifadhi kwa jina la BABU. Ila ukipewa namba, au tarehe, au habari ya mji wako iliyoandikwa na mtu wa mbali, soma na yale maandishi madogo ya pembeni. Uliza aliyeandika alianza kuhesabu kutokea wapi. Kisha kamwulize na mzee aliye chini ya mwembe, umwamkie kwanza, kabla hujasimamisha msalaba.