Mdai na Mlengwa: Pesa ya Mtoto Ipite Mkono wa Nani?

Lugha yetu imeweka umbali mkubwa baina ya kuomba na kudai. Aombaye humtazama usoni anayeombwa, akisubiri moyo wake ulainike. Adaiye hutazama daftari. Nimekuwa nikilikumbuka jambo hilo kila mjadala unapozuka kuhusu fedha ambazo serikali huwapa wazazi wenye watoto wadogo, kwa sababu mijadala yetu huanzia kwenye swali la kiasi na huishia hapo hapo. Katika nchi iliyotutawala, kiasi ndicho kilichozua ugomvi mdogo kuliko yote. Watu walishikana mashati juu ya nani atajaza fomu, na fedha zitaingia mkono gani.

Kisa chenyewe kinaanzia Liverpool, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Askari walipopelekwa vitani, serikali ya Uingereza iliwalipa wake zao posho ya kutengana, na posho hiyo iliongezeka kadiri ya idadi ya watoto. Eleanor Rathbone, binti wa familia tajiri ya wafanyabiashara wa mji huo, alikuwa miongoni mwa waliosimamia malipo hayo. Aliona jambo ambalo halikuwa limepangwa na mtu yeyote: mama aliyezoea kungoja kile mumewe atakachoamua kumwachia mwisho wa juma sasa alipokea fedha kwa jina lake mwenyewe, kwa uhakika, na kwa hesabu ya vinywa alivyovilisha. Mwaka 1917 alikusanya wenzake wachache katika kamati ya kutetea posho ya namna hiyo wakati wa amani pia, na mwaka 1924 akatoa kitabu chake, The Disinherited Family.

Hoja ya kitabu hicho ilikuwa ya hesabu kabla ya kuwa ya huruma. Vyama vya wafanyakazi na waajiri wa Uingereza walikuwa wamekubaliana juu ya dhana ya mshahara wa familia: mwanamume alipwe kiasi cha kumtosha yeye, mke na watoto watatu. Rathbone akauliza, ni wanaume wangapi hasa wenye mke na watoto watatu wanaotegemea? Wachache mno. Kapera alilipwa kwa ajili ya watoto ambao hakuwa nao, na baba wa watoto sita alilipwa kana kwamba watatu kati yao hawali. Zaidi ya hapo, mwanamke aliyefanya kazi kiwandani alilipwa pungufu kwa kisingizio kwamba mshahara wa mwanamume ndio unaobeba nyumba. Mtoto, kwa maoni yake, asilipiwe kupitia mshahara wa mtu. Alipiwe kwa sababu ni mtoto, na fedha zake ziende kwa anayempikia.

Upinzani ulitoka pande zote, na msomaji wa Afrika Mashariki hatapata shida kuzitambua hoja zake. Baba atavunjiwa heshima. Watu watazaa ovyo. Wazazi watabweteka. Wapinzani wenye uzito zaidi walikuwa vyama vya wafanyakazi, waliohofu kwamba mwajiri akiona serikali inalisha watoto atakata mshahara. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi, na ilimchelewesha Rathbone miaka mingi kuliko kelele zote za wahafidhina.

Vita vya pili vilibadili hesabu. Mwaka 1940 mchumi Keynes aliunga mkono posho za familia katika mpango wake wa kugharimia vita, na Desemba 1942 taarifa ya Beveridge iliziweka miongoni mwa misingi ya hifadhi ya jamii. Beveridge alipendekeza shilingi 8 kwa juma. Serikali ikatoa 5, ikisema kwamba sehemu nyingine italipwa kwa maziwa na chakula cha shuleni. Mtoto wa kwanza hakuhesabiwa. Posho ilianzia kwa wa pili.

Muswada ulipofika bungeni mwaka 1945, ulitamka kwamba posho ni mali ya baba. Rathbone, ambaye alikuwa mbunge tangu 1929 na alikuwa ameitumikia hoja hii karibu miaka 30, alisema kwamba ikibaki hivyo ataupigia kura ya kuupinga. Watu walishangaa: mama mzaa hoja anatishia kuinyonga! Lakini alijua kwamba sheria ya namna ile ingelitangaza kwa muhuri wa dola kwamba mtoto ni sehemu ya mali ya baba yake, na mama ni mpita njia jikoni. Serikali ikawaachia wabunge wapige kura kwa dhamira zao, na mama akashinda. Sheria ikapitishwa Juni 1945. Rathbone alifariki Januari 1946. Jumanne ya tarehe 6 Agosti mwaka huo akina mama walisimama katika foleni za posta, kila mmoja na kitabu chake cha malipo, nao hawakuulizwa kama ni maskini.

Sasa niruhusu, ndugu msomaji, nivuke bahari, kwa sababu serikali iliyolipa posho ile ilikuwa na watoto wengine chini ya bendera yake. Miezi mitano tu baada ya foleni zile za posta, tarehe 13 Januari 1947, Mombasa ilisimama. Wafanyakazi wapatao 15,000, wa bandarini, wa reli, wa mahotelini na wa majumbani, waligoma kwa siku kumi na mbili hivi, na katika mgomo huo likazaliwa shirikisho la wafanyakazi Waafrika ambalo Chege Kibachia alikuja kuliongoza hadi alipokamatwa na kuhamishiwa mbali Agosti mwaka huo huo. Walilalamikia gharama za maisha, nyumba na mishahara. Nyuma ya malalamiko hayo ilikuwapo kanuni ambayo wakuu wa koloni hawakuificha: Mwafrika wa mjini alilipwa mshahara wa kapera. Mkewe na watoto, ilisemekana, wako rizavu, wanakula walicholima.

Liverpool, kapera alilipwa kana kwamba ana mke na watoto watatu. Mombasa, mwenye mke na watoto watatu alilipwa kana kwamba ni kapera. Dola ni ile ile. Na aliyeziba pengo hilo la pili alikuwa mwanamke wa kijijini, ambaye jembe lake lilikuwa likiilipia bandari ya Kilindini sehemu ya mishahara yake bila jina lake kuandikwa katika kitabu chochote.

Mwaka 1954 kamati ya mishahara ya Waafrika nchini Kenya, chini ya F. W. Carpenter, ilikiri kwamba takriban nusu ya wafanyakazi wa mijini katika sekta binafsi hawakulipwa kiasi cha kukidhi mahitaji ya lazima. Ikapendekeza kuondoka hatua kwa hatua kwenye mshahara wa kapera na kwenda kwenye mshahara wa familia, yaani ule ule ambao Rathbone alikuwa ameuvunja hoja miaka 30 kabla. Lilikuwa pendekezo la nafuu, siwezi kukana. Lakini lilimleta mtoto wa Kiafrika katika hesabu za serikali kupitia mfuko wa baba yake peke yake, na nadhani hatujatoka bado katika kivuli cha uamuzi huo. Waajiri wetu wengi, na hata vyama vyetu vya wafanyakazi, wakisema "familia" humaanisha mwanamume na hati yake ya mshahara.

Waingereza nao hawakumaliza ugomvi mwaka 1945. Miaka ya 1970 waziri Barbara Castle alitaka kuunganisha posho ile na nafuu ya kodi aliyopewa baba kwa ajili ya watoto, ili vyote viwe fao moja la mama, likianzia mtoto wa kwanza. Sheria ilipita mwaka 1975. Mwaka uliofuata Waziri Mkuu mpya, James Callaghan, akamwondoa Castle, na baraza lake likaamua kuahirisha utekelezaji kwa hofu kwamba wanaume wakiona bahasha za mishahara zimepungua watakasirika. Nyaraka za baraza zikavuja, gazeti likazichapa, na serikali ikalazimika kurudi nyuma kwa aibu. Malipo yakaanza 1977, na kufikia Aprili 1979 kila mtoto alipata pauni 4 kwa juma.

Tangu 2013 mzazi mwenye kipato kikubwa hutozwa kodi inayorudisha fao hilo, na wengi waliona hakuna haja ya kujaza fomu. Kumbe fomu ile ilibeba zaidi ya fedha: mzazi anayebaki nyumbani na mtoto wa chini ya miaka 12 huhesabiwa kupitia dai hilo kana kwamba amechangia pensheni yake. Asiyedai alijikuta na miaka mitupu katika kumbukumbu zake za uzeeni.

Hapa kwetu, tangu 2012, Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaosimamiwa na TASAF umepeleka ruzuku kwa kaya zenye watoto, kwa masharti ya kliniki na shule, na wengi wa wanaopokea kwa niaba ya kaya ni wanawake. Katika suala la mkono, basi, tumefika mahali ambapo Westminster ilifika kwa ugomvi mkali. Ila tazama jina tulilompa mama huyo. Anaitwa mlengwa. Jina lake hutokana na mkutano wa kijiji, ambako majirani hutamka mbele ya watu kwamba kaya ile ni maskini kuliko hizi, kisha hupelekwa kuhakikiwa. Jirani yake mwenye watoto wanne, aliyezidiwa umaskini kwa debe moja la mahindi, anaweza kulalamika kwamba amesahauliwa. Hawezi kudai, maana hakuna daftari ambalo jina la mtoto wake limeandikwa kama deni la yeyote.

Mtoto huyo, hata hivyo, huenda anacho cheti cha kuzaliwa chenye nembo ya Jamhuri.