Bunduki Nyepesi au Risasi Nzito?

Mwaka 1915, katika mahandaki ya Ufaransa, wadunguaji wa Kijerumani walifyatua risasi kupitia tundu dogo kwenye bamba la chuma. Risasi za kawaida za Waingereza hazikulipenya. Afisa mmoja wao, Hesketh-Prichard, aliyekuwa mwindaji kabla ya vita, akatafuta dawa aliyoijua: bunduki za kuulia tembo. Chuma kikatoboka.

Wajerumani nao walikutana na kigingi chao pale vifaru vya Waingereza vilipotokea. Mwaka 1918 kiwanda cha Mauser kikawatengenezea bunduki ya risasi za milimita 13.2. Pamoja na miguu yake ilikaribia kilo 18, ikahitaji watu wawili, na teke lake bega lililiona.

Tatizo hilo halijabadilika hadi leo. Risasi nzito inayotoka kwa kasi huisukuma bunduki nyuma, na kadiri bunduki ilivyo nyepesi ndivyo bega linavyoumia. Kwa hiyo anayetaka nguvu hulazimika kubeba chuma. Tena si bunduki peke yake. Risasi moja ya milimita 7.62, pamoja na ganda lake, ina takribani gramu 25. Ya milimita 12.7 ina gramu 115 hivi. Risasi 100 za aina ya kwanza ni kilo mbili na nusu kwenye shanta. Za aina ya pili hupita kilo 11, kabla maji na chakula havijatiwa.

Huko Vietnam mwaka 1967, Carlos Hathcock wa wanamaji wa Marekani alifunga darubini juu ya bombomu la Browning M2 na kumpiga adui aliyekuwa umbali wa takribani mita 2,286. Umbali huo ulikuwa rekodi hadi 2002. Ila bombomu lenyewe, bila miguu yake, lina kilo 38. Silaha ya namna hiyo hukaa kilimani ikingoja adui, haimfuati porini.

Aliyeileta nguvu hiyo begani alikuwa mpiga picha wa Tennessee, Marekani, asiyesomea uhandisi wa silaha. Mwaka 1982 Ronnie Barrett alibuni bunduki ya risasi hizohizo za Browning, za milimita 12.7. Mtutu wake hurudi nyuma kidogo kila unapofyatuliwa, na kifaa cha mdomoni hutawanya gesi pembeni, hivyo teke hupungua. Sweden iliinunua mwaka 1989, kisha wanamaji wa Marekani wakaenda nayo Vita vya Ghuba. Ilifaa kuharibu magari na mitambo ya rada. Hata hivyo, kilo zake 13 na zaidi zilikuwa adhabu kwa askari wa miguu.

Ndipo ikaja njia ya kati: risasi ya milimita 8.6 iliyokamilishwa na kampuni ya Lapua ya Finland. Bunduki ya Uingereza inayoitumia, L115A3, haifiki kilo saba. Novemba 2009, Craig Harrison aliitumia huko Helmand, Afghanistan, kupiga shabaha mbili mita 2,475 mbali naye.

Risasi kubwa haikustaafu kwa hilo. Mwaka 2017 jeshi la Canada lilithibitisha kwamba mdunguaji wake nchini Iraq alipiga shabaha umbali wa mita 3,540 kwa bunduki ya milimita 12.7. Jeshi la Marekani limekwenda upande mwingine: bunduki yake mpya, Mk 22, hubadilishwa mtutu ili itumie aina tatu za risasi, zote ndogo kuliko ile ya Browning. Askari huchagua mtutu wa kubeba kulingana na kazi iliyo mbele yake.