Stima Rubens na Kazi Iliyoanza Ghuba ya Manza

Katika historia nyingi za Vita Vikuu vya Kwanza Afrika Mashariki, stima Rubens hutajwa pembeni tu, kama nyongeza ya kisa cha manowari ya Kijerumani Königsberg. Msomaji huambiwa kwamba ilitumwa kuipelekea makaa ya mawe, ikanaswa na kuteketea katika Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, Aprili 1915. Kisha hurudishwa upesi delta ya Rufiji, ilikofungiwa Königsberg, kungojea mizinga. Makala hii inadai kwamba masimulizi hayo yanakosea kipimo. Rubens haikujengwa ipigane. Ilikuwa meli ya mizigo, na kazi ya meli ya mizigo hupimwa kwa shehena: ilifika au haikufika, na nani aliitoa ngamani na kuipeleka ilikohitajika. Kwa kipimo hicho, utumishi wake wa kivita ulianza siku ileile Waingereza walipoamini umekwisha.

Kuingia kwake vitani kuna kejeli yake. Rubens ilikuwa mali ya kampuni ya Kiingereza, na vita vilipotangazwa Agosti 1914 ilikuwa Hamburg. Mkataba wa Sita wa Hague wa 1907 ulikuwa umefikiria hali ya namna hiyo: meli ya biashara iliyozuiwa kuondoka katika bandari ya adui isitaifishwe, ishikiliwe na kurudishwa baada ya vita, au itwaliwe kwa fidia. Chombo kikatwaliwa, na kikaishia kupigwa mizinga na manowari ya nchi kilikotoka.

Safari yenyewe ilitegemea udanganyifu uliopangwa kwa makini. Nahodha Carl Christiansen alipewa mabaharia waliojua Kidenishi, stima ikapakwa jina Kronborg ili ionekane ya Denmark, nchi isiyokuwa vitani, na mbao zikapangwa sitahani. Chini ya mbao hizo kulikuwa na takriban tani 1,600 za makaa, pamoja na bunduki, risasi na makombora. Iliondoka Wilhelmshaven, Ujerumani, Februari 1915, ikapita kaskazini ya Uskoti, ikashuka Atlantiki hadi kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema. Wapenzi wa visa vya baharini hufurahia jina la bandia. Mimi huwafikiria zaidi wachochea moto. Stima hiyo haikuweza kuingia bandarini kutia makaa bila kuhatarisha siri yake, kwa hiyo tanuri zililishwa kwa kilichopakiwa Ujerumani, na moshi wa tanuri hizo ulionekana na yeyote aliyekuwa karibu.

Waingereza walikuwa wamenasa mawasiliano ya simu ya upepo. Tarehe 14 Aprili manowari yao Hyacinth iliikimbiza Rubens karibu na pwani ya Tanga, lakini mtambo wake mmoja ukaharibika, na pengo hilo likampa Christiansen nafasi ya kuingia Manza. Huko, huku makombora yakimwangukia, alifungulia maji yaingie ngamani ili meli ikae chini kwenye kina kifupi. Sitaha ikawaka. Waingereza walitazama moto na moshi, wakaridhika, wakaondoka. Moto ulikula mbao za juu, na maji yaliyoizamisha meli yakaikinga shehena ya chini.

Hapo ndipo historia ya manowari inapofunga ukurasa, na hapo ndipo kazi ilipoanza. Kwa wiki kadhaa bunduki na masanduku ya risasi yalitolewa ndani ya maji na kupelekwa bara. Makaa, sehemu nzito kuliko zote, hayakumfaa aliyekusudiwa: Königsberg ilibaki imefungiwa katika delta ya Rufiji hadi ilipoangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Mwenye kuihesabu safari kwa uzito wa tani ataiita hasara. Lakini askari wengi wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki, walikuwa bado wanatumia bunduki za mtindo wa 1871, zenye baruti ya moshi inayomfichua mpigaji kila anapofyatua. Bunduki mpya za Rubens ziliwaondolea hatari hiyo.

Inaweza kupingwa kwamba risasi zililoweshwa na maji ya chumvi na nyingi zilikataa kulipuka. Ni kweli. Ilibidi zifunguliwe, baruti ikaushwe, zifungwe upya, kazi ya mikono iliyochukua muda mrefu. Hoja hiyo, hata hivyo, hainipingi, inanisaidia. Thamani ya shehena haikuwa imekamilika Wilhelmshaven wala Manza. Ilitengenezwa na watu waliozamia, waliokausha na waliobeba, na watu hao hawamo katika orodha ya mabaharia wa Rubens.

Kuhusu wapagazi, waliobeba mizigo ya vita mabegani, kumbukumbu za pande mbili hazilingani hata kidogo. Upande wa Waingereza, vifo zaidi ya 40,000 vya wapagazi viliandikwa, na wanahistoria wengi wanaamini idadi halisi ni kubwa zaidi. Upande wa Wajerumani hesabu hazikutunzwa kwa kiasi hicho. Kwa hiyo tuna saa ambayo Hyacinth ilifyatua, ila hatuna majina ya waliobeba masanduku. Sioni sababu ya kuliita pengo hilo bahati mbaya: nyaraka za meli ziliandikwa na waliokuwa na haki ya kuandika.

Wapangaji wa Ujerumani walijifunza haraka kuliko wanahistoria. Stima ya pili, Marie, ilipofika Ghuba ya Sudi, kusini ya Lindi, Machi 1916, shehena yake ilikuwa imefungwa kwa kiasi cha mzigo wa mpagazi mmoja. Kusini huko hakukuwa na reli ya kuungana na bandari, na mbung'o waliwaua wanyama wa kubeba. Bega la mtu lilikuwa limeingizwa katika hesabu ya usafirishaji tangu ghalani Ulaya. Manowari za Uingereza ziliigundua Marie mwezi Aprili na kuishambulia, lakini mizigo ilikwisha kushushwa. Meli yenyewe, ingawa ilipigwa, ilitoroka hadi Batavia.