Anayesimama Kando ya Picha

Safari hii tumeamua kuandika historia ya kazi ambayo wengi wetu tumeshaifanya bila kujua kwamba ni kazi: kutembeza wageni.

Wageni wakija kambini huwa tunaitwa. "Njoo uwatembeze, wewe unajua Kiingereza." Basi tunawapitisha kwenye bomba la maji, shuleni, kwa mama anayesuka vikapu, mwisho kwenye ukuta tuliouchora wenyewe. Mwaka jana mwenzetu mmoja aliwasimamisha pale ukutani akaanza kueleza kwa nini tulichora boti isiyo na mtu. Afisa aliyekuja nao akamkatisha, akaeleza yeye: eti hiyo ni picha ya matumaini, safari ya kwenda kesho. Wageni wakaitikia kwa kichwa, wakapiga picha, wakaondoka. Mwenzetu akapewa soda.

Usiku ule tulibishana sana. Nani alimpa yule afisa haki ya kusemea boti yetu? Na sisi, haki hiyo nani alitupa? Ndipo tukaanza kutafuta: huyu mtu anayesimama kando ya picha na kuongea na watu, alianzia wapi?

Tulianzia Boston, Marekani. Mwanzoni mwa karne ya 20, katibu wa makumbusho ya sanaa ya mji ule, Benjamin Ives Gilman, alisema haitoshi kuweka vitu vizuri ndani ya kabati la kioo halafu mgeni ajisomee mwenyewe. Mwaka 1907 makumbusho yale yakaanza kuwa na watu maalumu wa kukaa na wageni mbele ya kazi za sanaa na kuwafundisha kutazama. Gilman huyohuyo, mwaka 1916, aliandika kuhusu uchovu wa makumbusho. Alipiga hadi picha za mtu anavyoinama na kujikunja shingo ili asome kikaratasi kilichobandikwa chini ya kitu. Tulicheka, maana tumeona wageni wetu wakijikunja hivyohivyo kusoma mabango ya mashirika.

Lakini sanaa ya zamani ina unafuu wake. Ukiona sanamu ya mfalme, unajua ni mfalme. Sanaa ya kisasa ndiyo inayomtoa jasho mwongozaji, kwa sababu swali la kwanza la mgeni ni "hii nayo ni sanaa?" Ndiyo maana historia yetu inahamia Kassel, Ujerumani.

Kassel ni mji ulioteketezwa kwa mabomu mwaka 1943. Mwaka 1955 mchoraji na mwalimu Arnold Bode aliandaa maonyesho makubwa ndani ya jengo la Fridericianum, lililokuwa bado na makovu ya vita. Alionyesha sanaa ileile ambayo Wanazi waliipiga marufuku. Maonyesho hayo yanaitwa documenta, na siku hizi hufanyika kila baada ya miaka mitano, kwa siku 100.

Mwaka 1968, katika documenta ya nne, akatokea mtu anaitwa Bazon Brock na kitu alichokiita Shule ya Wageni. Brock hakutaka mgeni aje kama mtu aliyekaa mezani akingoja kuletewa chakula. Alisema kutazama nako ni kazi, na mtu hujifunza kutazama kama anavyojifunza kusoma. Jina Bazon alipewa na mwalimu wake shuleni. Linatokana na Kigiriki na maana yake ni kama kusema "mpiga domo". Halafu tukakuta jambo lililotufanya tunyamaze kidogo: Brock alizaliwa Pomerania, na vita vilipokuwa vinaisha alikimbia akiwa mtoto, akakaa kambini nchini Denmark. Mtoto wa kambi. Kama sisi, na yeye ndiye aliyewafundisha Wajerumani namna ya kutazama sanaa yao.

Turuke hadi 2017. Documenta ya 14 ilifanyika Athens na Kassel, na waongozaji wake waliitwa kwaya. Si kwaya ya kanisani. Ni ile ya michezo ya kuigiza ya Wagiriki wa kale, watu wanaokaa pembeni na kuyazungumzia yanayotokea jukwaani. Kazi yao ilikuwa kutembea na wageni na kuzungumza nao, sio kuwahutubia. Na vya kuzungumzia vilikuwepo. Ibrahim Mahama kutoka Ghana alifunika jengo zima, Torwache, kwa magunia ya juti yaliyoshonwa pamoja. Yalikuwa yamebeba kakao, kisha mkaa na mizigo mingine. Hapa kwetu gunia halihitaji mwongozaji. Kila mmoja ameshalibeba, wengine wamelilalia. Lakini mtu ambaye hajawahi kubeba gunia maishani, nani atamwambia kwamba zile alama na viraka ni njia ambayo mzigo ulipita, na ni migongo ya watu?

Uwanja wa Königsplatz ulikuwa na mnara wa Olu Oguibe, Mnigeria aliyekuwa mtoto wakati wa vita vya Biafra. Mnara una urefu wa mita 16 hivi, na umeandikwa maneno ya Injili kuhusu mgeni aliyepokewa, kwa Kijerumani, Kiingereza, Kituruki na Kiarabu. Wanasiasa wanaopinga wahamiaji waliutukana. Oktoba 2018 ukabomolewa, na mwaka 2019 ukasimamishwa tena mtaa wa Treppenstraße. Yaani hata mnara wa wakimbizi ulihamishwa.

Hata ile kwaya, baadhi yao walijipanga na kulalamika hadharani kuhusu masharti ya kazi. Kumbe soda sio ya kwetu peke yetu.

Mfano wa karibu zaidi nasi uko Berlin. Mwaka 2015, Wasiria na Wairaki walipokuwa wanawasili kwa wingi, makumbusho manne yalifungua mpango wa Multaka, neno la Kiarabu lenye maana ya mahali pa kukutana. Wakimbizi wenyewe walifundishwa kuongoza matembezi kwa Kiarabu. Hayo si makumbusho ya sanaa ya kisasa, tunajua. Ila fikiria Msiria kutoka Aleppo akisimama mbele ya picha za Berlin ya 1945, mji mzima kifusi, akiwaeleza Wasiria wenzake. Afisa gani angemkatisha?

Mwezi ujao wageni wanakuja tena. Tumeongea na ofisi, nao kwa kweli walitusikiliza. Matembezi yataanzia ukutani, sio bombani. Mwenzetu atawauliza kwanza wanaona nini, na atangoje wajibu. Baadaye ndipo atawaambia kwamba ile ni boti ya mvuvi aliyetuvusha Ziwa Tanganyika mara tatu usiku mmoja. Alirudi kuchukua watu mara ya nne, na asubuhi boti ilionekana ikielea peke yake.

Posho bado hatujakubaliana.