Nyumba ya Ndoa Haiuzwi na Mmoja

Nyumba wakaayo mume na mke ni ya nani? Wengi hawaliulizi neno hili mpaka siku ile mgeni asimamapo mlangoni na hati mkononi, akisema, "Nimeinunua." Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu jinsi sheria ilivyojibu zamani, na jinsi ilivyobadilika.

Katika Uingereza ya zamani mwanamke akiolewa, mali yake karibu yote iliingia katika mamlaka ya mumewe. Mwaka 1882 Bunge lilimpa mke haki ya kushika mali yake mwenyewe. Jambo hili lilikuwa jema, lakini halikutosha. Maana nyumba nyingi ziliandikwa jina la mume peke yake, na mwenye jina ndiye aliyeweza kuuza.

Hata ikatokea kesi katika mji wa Hastings. Mwaka 1957 mume mmoja alimwacha mkewe na watoto nyumbani, akaenda zake. Baadaye aliiandikisha nyumba ile kwa kampuni yake mwenyewe, na kampuni ikaiweka rehani kwa benki. Deni lisipolipwa, benki ikaitaka nyumba. Mwaka 1965 majaji wa Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya mwisho ya nchi ile siku zile, waliamua kwamba mke ana haki juu ya mumewe tu, wala haki hiyo haiifungi benki. Ndipo Bunge, mwaka 1967, likatunga sheria ya kumlinda mwenzi asiye na jina katika hati, asitolewe nyumbani ovyo, naye aweze kuiandikisha haki yake ili mnunuzi aijue.

Habari hizi zatuhusu sisi pia, kwa kuwa tangu mwaka 1920 mahakama za Tanganyika ziliamriwa kufuata sheria za Uingereza, pamoja na mila za wenyeji. Na mila zile, zilipoandikwa na serikali mwaka 1963, zilisema kwamba mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake.

Basi mwaka 1971 Tanzania ilitunga Sheria ya Ndoa, moja kwa Wakristo, Waislamu na waliooana kwa mila. Kifungu cha 59 chasema kwamba mwenye nyumba ya ndoa, awe mume au mke, hana ruhusa kuiuza, kuitoa zawadi, kuipangisha wala kuiweka rehani pasipo ridhaa ya mwenziwe, maadamu ndoa ingalipo. Tena mwenzi aweza kuweka zuio kwa msajili wa hati. Nyumba ikiuzwa kwa siri, asiyeridhia aweza kuendelea kukaa humo, isipokuwa mnunuzi hakujua, wala hangaliweza kujua kwa kuuliza ipasavyo. Nayo Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ikaongeza kwamba mnunuzi na mkopeshaji wanao wajibu wa kuuliza kama mwenzi ameridhia.

Labda mtu atasema, "Nimejenga kwa jasho langu, kwa nini niombe ruhusa?" Twamjibu kwamba sheria haikumnyang'anya nyumba yake, imemtaka amwulize yule alalaye chini ya paa hilo hilo. Yeye aliyechota maji ya kukandia udongo, akapika chakula cha mafundi na kulea watoto, jina lake halimo katika hati, lakini jasho lake limo ukutani.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukitaka kununua nyumba, usiridhike na sahihi ya mmoja. Ingia ndani, uliza nani akaaye humo, umwite mwenziwe, na ridhaa yake iandikwe mbele ya mashahidi. Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa. Na kidole kimoja kilichotiwa wino hakitoshi kuuza nyumba ya wawili.