Kitana, Dawa na Mlango wa Shule: Historia ya Kumtoa Mtoto Chawa

Chawa wa kichwani hana mabawa wala hawezi kuruka. Urefu wake ni milimita 2 hadi 3, na akitengwa na kichwa cha binadamu hufa baada ya siku moja au mbili. Jike hugandisha mayai yake kwenye unywele, karibu kabisa na ngozi, kwa gundi isiyoyeyuka kwa maji wala sabuni. Mayai huanguliwa baada ya siku 7 hadi 10. Takriban kila mbinu iliyowahi kubuniwa dhidi yake imefaulu au imeshindwa kwa sababu ya mambo hayo mawili: gundi ya mayai na siku za kuanguliwa.

Binadamu amekaa naye tangu zamani. Unywele wenye yai la chawa uliopatikana kaskazini mashariki mwa Brazili una umri wa miaka 10,000 hivi. Nchini Misri, Herodotus aliandika kwamba makuhani walinyoa mwili mzima kila baada ya siku moja ili chawa asipate pa kukaa. Kunyoa kunaondoa chawa na mayai kwa mkupuo mmoja, na ndiyo njia iliyodumu katika shule nyingi za Afrika Mashariki, ambako wanafunzi, wasichana kwa wavulana, hutakiwa kukata nywele hadi zibaki fupi kabisa.

Wasiotaka kunyoa walitumia kitana. Mwaka 2016 wanaakiolojia waliokuwa wakichimbua mji wa kale wa Lakishi, nchini Israeli, walifukua kitana cha pembe ya ndovu chenye urefu wa sentimita 3.5 hivi. Upande mmoja kilikuwa na meno 6 manene ya kufumua nywele, na upande wa pili meno 14 membamba ya kunasa chawa. Maandishi yaliyochorwa juu yake hayakuonekana hadi miaka kadhaa baadaye, na yalitangazwa mwaka 2022. Ni herufi 17 za Kikanaani zenye dua kwamba pembe hiyo iwang'oe chawa wa nywele na ndevu. Wataalamu wanakadiria kuwa ziliandikwa karibu mwaka 1700 kabla ya Kristo, na hivyo ni miongoni mwa sentensi kamili za kale zaidi zilizowahi kupatikana katika maandishi ya alfabeti. Pembe ya ndovu ilikuwa mali ya kuagizwa kutoka mbali, kwa hiyo mwenye kitana hiki hakuwa maskini. Jambo hilo lina uzito, kwa sababu aibu kubwa waliyobebeshwa wazazi karne nyingi baadaye ilijengwa juu ya imani kwamba chawa ni alama ya umaskini na uchafu. Umbo la kitana chenyewe halikubadilika sana. Meli ya kivita Mary Rose, iliyozama Uingereza mwaka 1545 na kuinuliwa mwaka 1982, ilikutwa na vitana vya mbao zaidi ya 80 vyenye pande mbili za namna hiyohiyo.

Dawa za kupaka ziliambatana na kitana, na nyingi zilimdhuru mtoto kuliko zilivyomdhuru chawa. Malhamu ya zebaki ilitumika Ulaya kwa karne nyingi. Mafuta ya taa nayo yakawa dawa ya nyumbani, licha ya kuunguza ngozi na kuweza kushika moto.

Mambo yalibadilika shule zilipoanza kukagua vichwa. Mjini New York, mwanzoni mwa karne ya 20, madaktari waliwarudisha nyumbani watoto wenye chawa, mba, upele au macho yaliyoambukizwa, na hakuna aliyewafuata huko kuona kama wametibiwa. Mwezi Oktoba 1902 muuguzi Lina Rogers alianza kazi ya majaribio katika shule nne, akitokea kituo cha huduma cha Henry Street kilichoanzishwa na Lillian Wald. Rogers aliwatibu watoto shuleni, kisha akaenda majumbani kuwaonyesha akina mama namna ya kufanya. Jiji likaajiri wauguzi zaidi. Watoto waliofukuzwa kwa maradhi walikuwa zaidi ya 10,000 Septemba 1902. Septemba 1903 walikuwa 1,100 hivi. Ugonjwa ulikuwa uleule. Kilichoongezeka ni mtu wa kupiga hodi nyumbani.

Uingereza ilishika njia nyingine. Sheria ya mwaka 1907 ililazimisha wanafunzi wapimwe afya, na ya mwaka 1908 ikaziruhusu mamlaka kumsafisha kwa nguvu mtoto ambaye wazazi wake wameshindwa. Takwimu za ukaguzi zilipendeza mwaka baada ya mwaka. Kisha, Septemba 1939, watoto wa mijini walihamishiwa vijijini kuepuka mabomu, na familia zilizowapokea zikashtuka kuona vichwa vyao. Mtaalamu wa wadudu Kenneth Mellanby alipewa kazi ya kuchunguza. Aliziacha ripoti za shule, akatumia kumbukumbu za watoto waliolazwa hospitalini, ambao vichwa vyao vilikaguliwa kwa utulivu. Katika miji ya viwanda, karibu nusu ya wasichana wa baadhi ya rika walikuwa na chawa, na waliomo ni pamoja na watoto ambao hawajaanza shule. Muuguzi mwenye mamia ya vichwa vya kutazama kwa asubuhi moja hakuweza kuona yote, na mtoto aliyesafishwa shuleni alirudi kulala na wadogo zake ambao hakuna aliyewatazama.

Baada ya vita zilitawala kemikali. DDT iliua chawa upesi, kisha chawa wakaizoea. Kabla yake palikuwa na unga wa maua ya pareto, zao ambalo nyanda za juu za Kenya zililipeleka duniani kwa wingi tangu wakati wa Vita vya Pili. Mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake wa Rothamsted, Uingereza, waliiga sumu ya ua hilo na kutengeneza pamethrini, ambayo katika miaka ya 1980 ikawa dawa kuu ya chawa. Kufikia miaka ya 1990, chawa sugu walikuwa wameripotiwa katika nchi kadhaa.

Kitana kikarudi. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2005 ulilinganisha kuchana nywele zilizolowa na dawa za dukani: waliopona kwa kitana walikuwa asilimia 57, kwa dawa asilimia 13. Nywele hulainishwa kwa losheni, huchanwa kutoka kwenye ngozi hadi ncha, fungu kwa fungu, na kitana hufutwa kila mara kwenye kitambaa cheupe. Kazi hurudiwa kila baada ya siku tatu au nne kwa wiki mbili, ili wanaoanguliwa wanaswe kabla ya kutaga, na kila aliye nyumbani hukaguliwa.

Chawa wa kichwani hasambazi maradhi, na kwa kawaida anapogunduliwa huwa amekaa kwa mtoto kwa wiki kadhaa. Kwa sababu hiyo chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kimekuwa kikipinga mtindo wa kuwafukuza wanafunzi kwa sababu ya chawa au mayai yao: anayekutwa nao asubuhi amalize masomo ya siku hiyo, na jioni achanwe nyumbani.