Ufa na Macho ya Wavu: Hoja Kuhusu Uigaji wa Kompyuta katika Mekanika ya Yabisi

Tarehe 23 Agosti 1991, katika ghuba ya Gandsfjorden karibu na Stavanger, Norwe, kitako cha zege cha jukwaa la gesi la Sleipner A kilikuwa kikishushwa majini polepole kwa majaribio. Ukuta mmoja ukapasuka. Maji yakaingia kwa kasi iliyozishinda pampu, na jengo zima, lenye seli 24, likazama. Kishindo chake chini ya bahari kilisomwa na vipimo vya matetemeko kuwa 3.0 kwenye kipimo cha Richter. Hakufa mtu. Hasara ilikadiriwa kufikia dola za Marekani milioni 700.

Uchunguzi ulizirudia hesabu. Wahandisi walikuwa wametumia njia ya elementi: mwili hugawanywa vipande vidogo vilivyoshikana kama macho ya wavu, kisha kompyuta hutatua milinganyo ya vipande vyote kwa pamoja. Pale kuta za seli zilipokutana, macho ya wavu yalikuwa makubwa na yamepindika mno. Mkazo wa kukata ukahesabiwa pungufu kwa asilimia 47, kuta zikasanifiwa nyembamba, na nondo za mahali hapo hazikuingizwa ndani ya zege vya kutosha.

Kisa hiki hufundishwa kama onyo: tumia wavu wa macho madogo. Kwa Sleipner onyo hilo ni la kweli. Zege lilichukuliwa kuwa bado zima, na swali lilikuwa mkazo ni kiasi gani. Kadiri macho yanavyopungua ukubwa, jibu hukaribia ukweli. Nadai, hata hivyo, kwamba tumelibeba onyo hilo hadi mahali lisipofaa. Tunapoacha kuuliza mkazo na kuanza kuuliza ufa utapita wapi na utakula nishati kiasi gani, wavu wa macho madogo unaweza kutupeleka mbali zaidi na ukweli.

Sababu yake si ngumu kuiona. Zege likivutwa hupanda hadi kilele cha nguvu zake, kisha hulegea huku likiendelea kurefuka. Katika mlinganyo wa kawaida, ambao kila nukta hujitazama yenyewe tu, ulegeaji huo wote hujikusanya katika safu moja ya elementi, ile iliyo dhaifu kuliko jirani zake. Punguza upana wa safu hiyo kwa nusu, na nishati ya kuvunja zege hilo inapungua kwa nusu. Endelea hivyo, na mwishowe kompyuta itakuambia kwamba zege huvunjika bure. Maabara inasema vinginevyo: ufa wa zege la kawaida hudai takriban jouli 100 kwa kila mita ya mraba. Hapa hata kompyuta yenye kasi mara elfu haisaidii. Italifikia kosa lilelile mapema zaidi.

Tiba zilizopatikana zote zinaingiza kitu kimoja: urefu. Hillerborg na wenzake, mwaka 1976, waliipa nishati ya ufa nafasi yake ndani ya hesabu. Bažant na Oh, mwaka 1983, waliupa ufa upana wa ukanda, takriban mara tatu ya ukubwa wa kokoto kubwa zaidi katika mchanganyiko. Francfort na Marigo, mwaka 1998, waliuacha ufa uchague njia inayopunguza nishati yote kwa jumla, na kutoka hapo ikazaliwa mbinu ya uwanja wa awamu, ambayo huusambaza ufa katika ukanda mwembamba na inatawala majarida leo. Picha zake zinapendeza, na nyufa hugawanyika zenyewe bila kuelekezwa. Lakini urefu uliomo ndani yake ni mali ya zege, au ni ulainishaji wa mwanahisabati tu? Makala nyingi huuchagua hadi mchoro ulingane na jaribio lililokwisha kufanyika. Huko kuchagua mimi sikuiti kutabiri.

Ndiyo maana nathamini sana shindano la kwanza la mivunjiko lililoandaliwa na maabara ya Sandia, Marekani, mwaka 2012. Timu 13 zilipewa umbo la chuma na kutakiwa kutabiri ufa kabla ya kuona matokeo. Majibu yalitofautiana sana. Zaidi ya hapo, vipande vyenyewe havikuvunjika kwa njia moja: tofauti ndogo za uchongaji zilitosha kuugeuza ufa. Mtafiti anayetoa mstari mmoja kama jibu, bila kueleza upana wa mashaka yake, hajajibu swali aliloulizwa.

Sleipner nayo ilihesabiwa upya kwa uangalifu baada ya ajali, na hesabu ikaonyesha ukuta ungevunjika kwenye kina cha mita 62; ulivunjika kwenye mita 65. Ulinganifu huo ni mzuri, ila ulikuja wakati jengo liko chini ya maji.

Kwa hiyo pesa ya utafiti ningeielekeza maabara kabla ya kununua kompyuta nyingine. Mashine nyingi za kupasulia matofali ya zege hupima nguvu ya kilele tu, kwa sababu husukuma mzigo bila kuutazama ufa. Kilele kikipita, sampuli husambaratika na sehemu ya ulegeaji hupotea. Mashine ngumu inayoongozwa na upana wa ufa, pamoja na boriti ndogo zenye mkato katikati, za ukubwa wa aina tatu au nne zilizomwagwa siku moja, zingetupa mikunjo ya kushuka tunayoikosa. Na utabiri wa kompyuta uwasilishwe kwa mhariri kabla boriti ya kwanza haijawekewa mzigo, kisha uchapishwe hata ukikosea.